Tulipotezana tangu shule: nimtafute vipi bila kuvunja sheria?

SWALI: Assalam aleikum mhariri. Nilisoma sekondari Mombasa na mwenzangu, tukamaliza kidato cha nne 1994. Mimi nikaolewa huku Maskati. Yeye nasikia alihamia Nakuru. Namba yake ya zamani anapokea mtu mwingine. Nina jina lake kamili na sanduku la posta la babake. Nianzie wapi?
Mama S., Maskati

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Hiyo namba iache. Laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni huiuza upya, na anayepokea huenda hamjui kabisa mwenzako. Mali uliyo nayo ni sanduku la posta.

Fungua Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya, litokalo kila Ijumaa. Wengi hudhani ni la uteuzi wa wakubwa tu, kumbe mna watu wa kawaida tele: aliyepoteza hatimiliki, aliyebadili jina, warithi wanaoomba kusimamia mirathi. Matoleo mengi ya nyuma yanasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law na Google Books.

Andika jina lote ndani ya alama za kunukuu, kisha lipindue: la baba litangulie, la kati liondoke. Jaribu kila tahajia: Mohamed, Mohammed, Muhammad. Kurasa za zamani zilipigwa picha zikasomwa na kompyuta, na herufi huenda kombo; "rn" hugeuka "m". Jina likigoma, tafuta namba ya sanduku pamoja na neno Mombasa. Tangazo la mirathi hutaja marehemu, alikofia na tarehe, na waombaji pamoja na uhusiano wao naye na sanduku lao. Ikiwa babake ametangulia mbele ya haki, huenda mwenzako ni mmoja wa waombaji hao, tena kwa jina analotumia sasa. Ukishuku alibadili jina rasmi, ongeza maneno "formerly known as", kwani gazeti ni la Kiingereza. Usiridhike na jina peke yake, maana Fatuma Ali ni wengi. Lazima kitu cha pili kilingane, kama sanduku au jina la baba.

Ukimpata hapo, usikimbilie kupiga hodi. Tangazo la kubadili jina, na mara nyingi la mirathi, huwa na jina la wakili. Mwandikie yeye, umwombe amfikishie mteja wake barua yako, ajibu akipenda. Ukiomba anwani atakunyima, na ana haki. Shule yenu nayo iombe hivyohivyo: ipitishe barua, isitoe namba. Ndani ya barua taja jambo ambalo tapeli hawezi kulijua, kama vile kitanda cha bweni mlichopokezana au jina la utani la mwalimu wa hesabu. Bila hilo, barua kutoka Maskati kwa mtu aliyepotea miaka 30 hunuka utapeli.

SWALI: Kijana mmoja anadai ana mtu wake kampuni ya simu. Nimpe elfu tatu anitolee namba ya rafiki yangu. Kuna ubaya?
J.K., Nakuru

JIBU: Upo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamshika anayezitoa taarifa hizo na anayezipata bila idhini ya mwenye kuzihifadhi: faini hadi shilingi milioni 3, kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Kama rafiki yako ni wakili, daktari au muuguzi, angalia orodha ya waliosajiliwa kwenye tovuti ya chama au baraza lao. Hutapata namba ya simu, ila utajua kama bado yumo kazini.

SWALI: Mdogo wangu tulitenganishwa na vita Goma. Njia hizo zinafaa?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Wewe nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu, uulize huduma ya kuwatafuta jamaa waliotenganishwa na vita. Ni bure, ila ni ya ndugu, si ya marafiki. Nenda na majina ya wazazi wenu, kijiji alikozaliwa, majina yake ya utani, na mahali na tarehe mlipoonana mwisho. Akipatikana, wataulizia ridhaa yake kabla ya kukuambia yuko wapi.