Jibu: Pasipoti kwa safari ya meli ya Galveston, ni lazima au tunapoteza hela?

Dada, nimesoma swali lako na majibu ya waliotangulia. Wengi wamekuambia pasipoti haihitajiki, msichome hela. Kwa familia ambayo wote wamezaliwa Marekani, wana hoja. Kwa familia yako, kwa jinsi ulivyoieleza, mimi nasema chukueni pasipoti, na nitaandika kwa kirefu kwa sababu suala hili limepita ndani ya nyumba yangu.

Kwa anayeingia uzi huu sasa hivi: dada na mumewe wako Houston, wamelipia safari ya siku 5 mwezi wa saba, kutoka bandari ya Galveston, Texas, kwenda Cozumel na Progreso za Mexico na kurudi Galveston. Yeye na shemeji wameshaapa, ni raia wa Marekani. Binti yao mkubwa ana miaka 14, alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, akaja akiwa mdogo. Mdogo wake kazaliwa Texas. Bibi wa watoto wanakwenda naye, ana kadi ya kijani (ya ukaaji wa kudumu) aliyoipata kupitia ukimbizi. Kampuni ya meli imewaambia cheti na kitambulisho vinatosha, na pasipoti nne zinafika dola 600 (165 kila mtu mzima, 135 kila mtoto), bado picha.

Kampuni haijawadanganya. Tangu Juni 2009 anayeingia Marekani kwa barabara au kwa bahari anatakiwa awe na pasipoti au hati inayolingana nayo, ila waliacha nafuu kwa raia wanaopanda meli inayoondoka na kurudi bandari ile ile ya Marekani. Hao wanaruhusiwa kurudi na kitambulisho cha serikali chenye picha pamoja na karatasi ya kuthibitisha uraia. Meli ikianzia Vancouver na kuishia Alaska, nafuu hiyo huna. Na hata ukiwa nayo, kuna visiwa vya Wafaransa kama Martinique na Guadeloupe ambako utadaiwa pasipoti. Njia yenu ya Cozumel na Progreso imo ndani ya nafuu, hapo sibishani na mtu.

Shida iko kwenye hiyo karatasi ya uraia. Jirani yako aliyezaliwa Beaumont anatoa cheti cha kuzaliwa. Kikilowa au kikipotea, anaagiza kingine Texas kwa dola 22 na maisha yanaendelea. Wewe na shemeji cheti chenu cha kuzaliwa kinasema Kongo, kwa hiyo hakiwasaidii chochote pale bandarini. Karatasi yenu ni cheti cha uraia mlichopewa siku ya kuapa, nacho ni kimoja tu. Kukiomba upya ni fomu N-565, zaidi ya dola 500 kwa kila mtu, na miezi ya kungoja. Ndicho mnachotaka kukitia kwenye begi la mkononi pamoja na mafuta ya kujipaka na nguo za kuogelea, mshuke nacho gatini, mpande nacho teksi ya Cozumel? Mimi cheti changu hakitoki kwenye sanduku la chuma ila kwa shughuli ya serikali. Pasipoti ikipotea inauma, lakini unaomba nyingine kwa bei ile ile ya dola 165.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba leseni yake ya udereva ya Texas yenye nyota inatosha. Haitoshi. Nyota ile inakuruhusu kupanda ndege za ndani, haithibitishi uraia, na mwenye kadi ya kijani naye anapewa leseni yenye nyota hiyo hiyo. Yako majimbo machache, kama Michigan na New York, yanayotoa leseni maalumu inayokubalika mipakani. Texas haimo.

Sasa tuje kwa binti, maana naona watu wamempita juu juu na yeye ndiye mwenye uzito wote wa swali hili. Kama alikuwa chini ya miaka 18, ana kadi ya kijani, na anaishi nanyi chini ya ulezi wenu wa kisheria siku mmoja wenu alipoapa, basi siku ile ile naye akawa raia. Hiyo ni sheria ya mwaka 2000, ilianza kutumika Februari 2001. Hakuapa, hakufanya mtihani, na hakuna aliyempa karatasi. Ni raia kamili ambaye mkononi hana kitu kinachosema hivyo. Alicho nacho ni kadi ya kijani ya zamani na karatasi ya kuzaliwa inayosema Kigoma. Wakati karani wa bandarini anapomuuliza kila mtu uthibitisho wa uraia wake, mtoto wa miaka 14 aonyeshe nini?

Njia ya kumpatia karatasi ni mbili. Moja ni fomu N-600, inayotoa cheti cha uraia chenye jina lake, na gharama yake inazidi dola 1,300. Nyingine ni pasipoti, dola 135. Pasipoti ni uthibitisho halali wa uraia sawa na cheti. Kwa hiyo hata msingekuwa mnakwenda popote mwezi wa saba, hata kama ungeniambia safari imevunjika, ningekuambia huyo binti apate pasipoti mwaka huu. Atahitaji kuthibitisha uraia wake akitafuta kazi, akiomba msaada wa ada ya chuo, akijiandikisha kupiga kura. Ni rahisi kuikusanya karatasi hiyo sasa, mko nyumba moja na vyeti vyote vipo, kuliko akiwa na miaka 25 jimbo jingine.

Kijana wangu alipita njia hiyo hiyo. Alizaliwa Tanga. Tulipokwenda posta, ambako maombi ya pasipoti hupokelewa, karani alitazama cheti chake cha kuzaliwa cha Tanzania akauliza, "Cheti chake cha uraia kiko wapi?" Nikamwekea mezani kimoja kimoja: cheti chake cha kuzaliwa chenye jina langu na la mama yake, kadi yake ya kijani, cheti changu cha uraia, cheti cha ndoa, na barua ya shule inayoonyesha anaishi kwetu. Karani akaenda nyuma kumuuliza mkubwa wake, tukasimama pale watu nyuma yetu wakihema, akarudi akazipokea zote. Kwa hiyo usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu tu aliye dirishani hajawahi kukutana na mtoto wa namna hii. Omba kwa heshima amwite msimamizi. Na kama karatasi ya kuzaliwa ya kambini ina upungufu, jina limekosewa au la baba halimo, kusanya na zile za uhamisho mlizokuja nazo, zile zilizoorodhesha familia nzima.

Vyeti halisi vinaondoka pamoja na maombi kwa posta, ambatisha na nakala zake. Vinarudi kwenye bahasha nyingine, mara nyingi siku kadhaa baada ya pasipoti kufika. Mke wangu aliona pasipoti imekuja peke yake, akadhani cheti cha uraia kimepotea. Kilifika. Wewe usihofu.

Nimesema suala hili limepita nyumbani kwangu, basi nieleze. Nasi tulipanda meli ya namna hii, na sote tulikuwa na pasipoti: Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo nilipoapa pasipoti yangu ya zamani ilikwisha kazi na nikachukua ya Marekani mara moja. Usiku wa kuamkia Cozumel mke wangu akashikwa na maumivu ya tumbo upande wa kulia chini. Zahanati ya meli ina daktari na dripu, ina hata vipimo vya damu, lakini chumba cha upasuaji hakuna. Daktari akasema ni kidole tumbo, mnashuka asubuhi. Tukapewa muda mfupi wa kufunga mizigo. Wakala wa bandari alitupokea gatini, na kitu cha kwanza alichouliza, kabla hata ya bima, ni pasipoti. Hospitali ikataka amana kwenye kadi ya benki kwanza. Meli ikaondoka jioni bila sisi.

Alipopasuliwa na kuruhusiwa, tukanunua tiketi za ndege ya moja kwa moja kutoka Cozumel hadi Houston, mwendo wa saa mbili na kitu. Nafuu ya meli niliyoieleza inahusu kurudi kwa meli. Kwa ndege, raia wa Marekani wa umri wowote, hata mchanga, anatakiwa pasipoti. Bila hiyo ningelazimika kumtoa mgonjwa mwenye nyuzi tumboni, kuvuka naye kwa kivuko hadi Playa del Carmen, kisha kutafuta ubalozi mdogo wa Marekani, ule wa Mérida uko saa kadhaa kwa barabara, kuomba pasipoti ya dharura. Nayo inalipiwa. Pale wodini nilikaa nikiwaza wazazi walioshuka na watoto wao wakiwa na vyeti vya kuzaliwa tu. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "haitatokea kwako" nashindwa kunyamaza.

Kwa sababu hiyo hiyo siipendi kadi ya pasipoti. Najua bei yake inavutia, dola 30 na zile 35 za kupokelewa maombi, na kwa meli inakubalika. Lakini haikupandishi ndege ya kimataifa. Utakuwa umelipa zaidi ya theluthi moja ya bei na siku ya shida unabaki pale pale.

Kama hela haitoshi kwa wote mwezi huu, mpangilio wangu ni huu: binti kwanza, bila mjadala. Kisha wewe na shemeji. Mdogo aliyezaliwa Texas awe wa mwisho, kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kinamrudisha vizuri kwa meli. Kiwe kile cha serikali. Siku tuliyopanda sisi, mstari wa jirani kulikuwa na mama amebeba kile cha ukumbusho cha hospitali, chenye alama ya nyayo za mtoto. Walikataa. Aliondoka na wanawe wawili na mizigo yao, na sikumwona tena ndani ya meli.

Kuhusu shemeji, ambaye kazi ya lori inamweka barabarani na huenda asiwepo siku ya maombi: mtoto aliye chini ya miaka 16 anatakiwa aje na wazazi wote wawili. Asipoweza, ajaze fomu DS-3053, aisaini mbele ya notari popote alipo, aambatishe nakala ya kitambulisho chake mbele na nyuma, akutumie. Isipitishe miezi 3 kabla hujaiwasilisha. Fomu ya maombi yenyewe, DS-11, usiisaini nyumbani. Inasainiwa mbele ya karani. Linganisha pia majina kwenye cheti cha uraia, leseni na tiketi ya meli. Watu wetu wengi waliandikwa kambini kwa tahajia moja na wakaapa kwa nyingine. Kama tiketi yako ina jina la ndoa na cheti kina la kwenu, tembea na cheti cha ndoa. Muda unawatosha: huduma ya kawaida ni wiki 4 hadi 6 bila kuhesabu siku za posta za kwenda na kurudi, na ukiongeza dola 60 ni wiki 2 hadi 3.

Amebaki bibi. Yeye si raia, kwa hiyo zile dola 600 hazimhusu. Kurudi kwa meli anahitaji kadi yake ya kijani, ile halisi na haijaisha muda. Lakini hana pasipoti ya Kongo, na kwa mtu aliyeingia kwa ukimbizi singemshauri akaiombe kwa ajili ya matembezi ya siku 5 bila kuongea na wakili wa uhamiaji, kwa sababu kujikabidhi tena kwa serikali uliyoikimbia kunaweza kuzua maswali. Hati yake sahihi ni ile ya kusafiria ya wakimbizi, inayoombwa kwa fomu I-131. Inaombwa akiwa bado ndani ya Marekani, inadumu mwaka 1, na inachukua miezi kutoka, kwa hiyo kwa mwezi wa saba huenda mmeshachelewa. Andikieni kampuni ya meli barua pepe leo: "Abiria mwenye kadi ya kijani, asiye na pasipoti ya nchi yoyote, atapanda?" Jibu liwe la maandishi, mlichapishe, mwende nalo gatini. Wakisema hapana, bora mjue sasa wakati tiketi yake bado inaweza kurudishiwa hela. Wakisema ndiyo, mnunulieni bima inayolipia kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa, na mmoja wenu mwenye pasipoti ajue kabisa kwamba bibi akishushwa, yeye ndiye atakayeshuka naye.