Mnara juu ya reli: wasomaji wanauliza

SWALI: Nimeona picha za mnara mpya juu ya South Station, Boston. Wapo wanaousifu, wapo wanaosema majukwaa yamegeuzwa pango. Nguzo zimepitaje kati ya reli, na moshi unakwenda wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Stesheni yenyewe ni ya 1899. Mnara una ghorofa 51, ulianza kujengwa 2020, na treni hazikusimama. Kwenye kazi ya namna hii nguzo haishuki pale mchoraji anapopenda. Inatua jukwaani, kati ya njia mbili, ikiacha nafasi ya behewa kupita na abiria kushuka. Nguzo za ofisi za juu zikikosa kulingana na nafasi hizo, mihimili mizito hubeba uzito na kuuhamishia pembeni. Hapo ndipo gharama hupanda.

Moshi ndio lalamiko lenye uzito. Treni za vitongoji zinazoingia hapo huvutwa na injini za dizeli. Ukizifunika, hewa chafu haina pa kupandia, kwa hiyo lazima feni ziivute nje. Feni ikizimika wakati injini zinanguruma zikisubiri abiria, jukwaani hakukaliki. New York walijenga jengo refu la Pan Am juu ya reli za stesheni ya Grand Central, likafunguliwa 1963, lakini treni za pale zilikuwa za umeme tayari.

SWALI: Je, abiria wa kawaida anafaidi nini?

JIBU: Paa dhidi ya mvua na theluji, na kituo cha mabasi kilichopanuliwa. Nyumba za kifahari za juu si zake.