Ndiyo, sayari changa zimeonekana

Umeuliza kama kuna mtu aliyewahi kuona sayari ikiumbika, au ni makisio tu. Zimeonekana kabisa! Tafuta picha ya PDS 70, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 370 hivi. Ina umri wa miaka milioni 5 tu, na Jua letu lina bilioni 4.6, kwa hiyo bado ni kichanga. Imezungukwa na sahani ya gesi na vumbi yenye pengo kubwa katikati. Mwaka 2018 darubini ya VLT kule Chile ilinasa kidoa angavu ndani ya pengo hilo: sayari inayoendelea kujikusanyia gesi. Picha ile hunisisimua kila niitazamapo. Sayari ya pili ikatangazwa 2019, nayo ina kisahani chake chenyewe cha vumbi, ambamo miezi inaweza kuumbika.