Mnaotetea mahabusu, anzeni na daftari

Mkuu, umeuliza kikundi chenu kianzie wapi, maana mmeshaandika barua tatu kuhusu hali ya gereza lenu na hakuna aliyejibu. Nakujibu kwa yale tuliyoyapitia sisi.

Mdogo wangu alikaa rumande miezi kumi na minne, kesi ikiahirishwa tu. Siku ya kwanza kumwona aliponyoosha mkono anisalimu niliona upele katikati ya vidole, umechubuka hadi nyama nyekundu. Akaniambia wanalala ubavu, wamebanana, na mmoja akitaka kugeuka mstari mzima unageuka naye. Barua yetu ya kwanza tuliiandika na hasira ile ile: hali ni mbaya mno, watu wanateseka. Ikapotelea huko huko.

Kilichotufungulia mlango ni daftari la mama mmoja aliyekuwa akimpelekea mwanawe chakula. Kila akienda aliandika tarehe, saa aliyofika, saa aliyoruhusiwa kuingia, mtoto amepata dawa au hakupata, kesi imesogezwa hadi lini. Tukaziomba familia nyingine nazo ziandike hivyo hivyo. Baada ya miezi michache ilionekana wazi kwamba baadhi ya waliojazana mle walishapewa dhamana, ila hawakuwa na wa kuwadhamini. Selo ilijaa kwa sababu hiyo. Tulipeleka orodha hiyo mahakamani pamoja na namba za kesi, na safari hii tuliitwa.

Kuhusu ukaguzi, someni Kanuni za Nelson Mandela, zile za namna ya kuwatendea wafungwa na mahabusu ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015. Kanuni ya 83 inataka ukaguzi wa aina mbili: wa idara yenyewe, na wa chombo huru kilicho nje yake. Kanuni ya 84 inawapa wakaguzi uwezo wa kufika bila taarifa, kuchagua wenyewe wa kuongea naye, na kuongea naye faragha. Shikilieni hilo la bila taarifa. Ugeni wa kwanza tulioufanikisha ulitangazwa mapema: sakafu ikapigwa deki, ndoo ya haja ikafichwa, na mahabusu wakaulizwa shida zao askari akiwa amesimama pembeni. Wote wakajibu hawana shida. Ningejibu hivyo hivyo.

Sasa kosa letu, naomba msilirudie. Tulisoma malalamiko ya kijana mmoja mbele ya watu, kwa jina lake, bila kumuuliza. Wiki hiyo hiyo akahamishiwa kulala mlangoni mwa choo. Kanuni ya 57 inakataza kabisa mtu kuadhibiwa kwa kulalamika, lakini usiku ule kanuni haikuwa naye mle ndani. Hadi leo linaniuma. Jina la mtu litoke kwa idhini yake tu, na akishalalamika mtu wenu aende kumwona siku inayofuata.

Askari nao msiwafanye maadui. Aliyetueleza kwamba pampu ya maji imekufa tangu zamani ni askari, na hewa ile wanaivuta wote.

Barua ya nne iahirisheni kwanza. Siku ya kutembelea ikifika, simameni getini na daftari, mwanzie na familia tatu zitakazokubali.