"Mlemavu" au "mtu mwenye ulemavu"?

Swali: Ninafundisha uuguzi hapa Moshi. Wanafunzi wangu wakiwa wodini nawasikia wakisema "yule kilema wa kitanda cha sita" au "bubu ameletwa na mama yake". Huwa nawasahihisha waseme "mtu mwenye ulemavu". Mwalimu mwenzangu anaona ninarefusha maneno bure, kwamba "mlemavu" inatosha. Nani yuko sahihi?

Jibu: Uko sahihi, mwalimu, ingawa mwenzako hajatukana mtu. "Kilema" ndilo la kuacha. Neno hilo hutaja kasoro yenyewe, kama tunaposema ana kilema cha mguu. Ukimwita mtu hivyo, mguu umemmeza mwenye mguu. "Mlemavu" ni afadhali, na wapo wanaojiita hivyo wenyewe. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, Namba 9 ya mwaka 2010, inasema "watu wenye ulemavu": mtu katangulia, ulemavu ni kitu alicho nacho. Kwenye faili ningeomba zaidi ya hapo. Muuguzi wa zamu ya usiku anasaidiwa na "haoni jicho la kushoto" au "anatembelea magongo", si na jina la jumla.

Ila usimlazimishe kila mtu. Viziwi wenyewe wana CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, jina wanalojiita bila haya. Mgonjwa akijitambulisha kuwa kiziwi, mwite kiziwi. Wapo wanaodai kiambishi ki- kinadunisha. Sikubali, maana kiongozi na kijana nao wamo humo. Kinachodunisha ni kusema "kiziwi hiki kimefika" badala ya "huyu amefika". "Bubu" ni habari nyingine: anayezungumza kwa lugha ya alama ana lugha kamili, sisi ndio hatuijui.

Lakini linaloniuma kuliko yote halimo kwenye majina hayo. Mzee anaingia kliniki kwenye kiti cha magurudumu, binti yake anasukuma. Muuguzi anamtazama binti: "Anaumwa wapi? Amekula?" Ni silabi moja tu, a- mahali pa u-, na mzee mwenye akili zake timamu ametolewa kwenye mazungumzo yanayohusu mwili wake. Hata shikamoo hakupewa. Muuguzi huyo anaweza kuandika "mtu mwenye ulemavu" kwa mwandiko mzuri kabisa na bado awe amemvunjia mzee heshima.

Kwa hiyo anza na nafsi, yaani u- badala ya a-, majina yafuate. Shikamoo kwa mzee kwanza, kisha "Unaumwa wapi, baba?", macho yakiwa kwake hata kama jibu litatoka kwa binti au kwa mkalimani wa lugha ya alama. Siku moja mkalishe mwanafunzi mmoja mbele ya darasa, wenzake wawili wamzungumzie kwa "ana-" na "ame-" dakika tano nzima bila kumgeukia. Kisha mpe nafasi aseme alivyojisikia.