Baba alipenda MG, mdogo wangu anataka Subaru

KAUNTA YA SPEA
Barua za wasomaji kuhusu magari ya zamani. Anayejibu aliuza spea Kirinyaga Road, Nairobi, kwa miaka 31.

Shikamoo Mama. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Buruburu akatuachia MGB ya 1967, gari la spoti la Kiingereza, nyekundu, aliyoinunua kwa mwalimu Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. Kila Jumapili aliiosha mwenyewe, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kushika kitambaa. Alituambia hiyo ndiyo hazina ya nyumba. Sasa mdogo wangu anataka tuiuze anunue Subaru Impreza. Tumeita wanunuzi watatu, na hakuna aliyetaja bei ya kufikia hiyo Subaru anayoitaka. Mmoja aliuliza kama tunaiuza kwa kilo. Mama, baba alidanganywa?
*Binti wa Buruburu*

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa msiba. Baba yako hakudanganywa. Na huyo aliyeulizia kilo, msimrudishe langoni kwenu tena.

Nilianza kusimama nyuma ya kaunta mwaka 1984. Marehemu mume wangu aliandika kila kilichouzwa katika daftari kubwa la jalada jeusi, na madaftari hayo ninayo hadi leo. Ukiyafungua kwa kufuatana utaona jinsi mapenzi ya watu yanavyohama. Katika daftari la kwanza kumejaa sindano za kabureta za SU, vifuniko vya distribyuta vya Lucas na kebo za choki, vyote vya magari ya Kiingereza. Waliokuja kuvinunua walikuwa wazee wa Kihindi kutoka Parklands, Waingereza waliobaki, na watumishi wa serikali waliopata vyeo baada ya Uhuru, kama nadhani alivyokuwa baba yako. Walivaa tai, wakaingia na kifaa kibovu kimefungwa ndani ya gazeti, wakakiweka juu ya kaunta polepole kama mtu anayeweka yai.

Kufikia 1992 sanduku la sindano za SU lilikuwa limeota vumbi. Daftari linasema Datsun 160J, Datsun 1200, Peugeot 504, Corolla DX. Halafu ukikaribia mwaka 2000 wanaingia vijana wa kofia, na kurasa zinabadilika kabisa: gesketi za hedi za Subaru, klachi za Subaru, turbo za Subaru. Hawakuanza na bei. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Mama, hii ni orijino?" Nilipenda sana swali hilo, kwa sababu wale wazee wa tai nao walikuwa wakiniuliza hilo hilo kuhusu Lucas.

Katika miaka hiyo yote nimeona jambo moja likijirudia. Mtu hununua gari lililomshtua moyo alipokuwa na miaka kumi au kumi na miwili. Wakati ule hana shilingi, kwa hiyo hulibeba kifuani miaka thelathini hivi. Akifika arobaini na kitu, karo imepungua na mshahara umeimarika, anaanza kulitafuta. Wenzake wa rika lake nao wanalitafuta mwaka huo huo, na hapo ndipo bei hupanda. Wakizeeka pamoja, wanaanza kuuza pamoja, ama watoto wao wanauza kama mnavyotaka kufanya ninyi.

Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka kumi na miwili Pasaka ya 1973. Tulisimama kando ya barabara upande wa Limuru, mvua ikinyesha, nimevaa gunia kichwani, tukisubiri magari ya Safari, yale mashindano ya mbio za magari. Mwaka ule Shekhar Mehta akiwa na Datsun 240Z alilingana alama na Harry Källström wa Datsun 1800, na ushindi akapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyefika mbali zaidi kabla ya kupoteza alama. Nililiona lile gari kwa muda wa kufumba na kufumbua, limejaa tope hadi kwenye vioo, na sauti yake niliisikia tumboni. Leo ukiniweka mbele ya Ferrari nitaisifu kwa adabu. Ukiniweka mbele ya 240Z nitanyamaza.

Hilo linanifikisha kwa jambo ambalo wanunuzi wenu hawakuwaeleza. Kule Uingereza gari la spoti lilikuwa la milango miwili, paa la turubai, la kwenda nalo mashambani siku ya jua. Kwetu Nairobi gari la spoti lilikuwa lile lililopita mbele yako limechafuka. Peugeot 504 ni gari la kubebea familia na mbuzi, lakini Ove Andersson alishinda nalo Safari mwaka 1975, na tangu hapo hakuna mtu wa rika langu aliyeliona kama gari la familia tu. Datsun 160J ilikuwa saluni ya karani. Mehta akashinda na gari la umbo hilo hilo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na makarani wote wa Nairobi wakaanza kukata kona kwa namna nyingine. MGB haikupata nafasi hiyo katika macho ya watoto wa hapa. Waliiona imeegeshwa klabu, nyuma ya ua.

Sasa hesabu ya MGB yenyewe. Ilianza kutengenezwa 1962, ikakoma 1980, na zilitoka zaidi ya 500,000. Nyingi sana zilipelekwa Marekani. Waliokuwa vijana wakiitamani miaka ya sitini sasa wanakaribia themanini au wameipita, na gereji zao zinafunguliwa na watoto wao. Wauzaji ni wengi, wanunuzi ni wachache. Usiilinganishe na gari kama Ferrari 250 GTO. Hizo zilitengenezwa 36 tu, na mwaka 2018 moja iliuzwa kule Marekani kwa dola milioni 48.4. Gari la namna hiyo halingoji rika, kwa sababu matajiri wa kila rika hulipigania. Gari zuri lililotengenezwa kwa wingi, kama la baba yako, ndilo linalopanda na kushuka pamoja na watu waliolipenda.

Na mdogo wako si mjinga, nataka umwambie hivyo kutoka kwangu. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Impreza tena. Mtoto aliyekuwa darasa la nne wakati ule leo ana kazi na ana akiba. Ongeza na sheria mbili zinazovutana. Ya kwanza ni ya Marekani: gari likifikisha miaka 25 linaweza kuingizwa kule bila kutimiza kanuni za usalama za magari mapya. Impreza na Nissan Skyline ambazo Wamarekani walizijua kwenye michezo ya PlayStation tu, sasa wanazifuata Japani wenyewe. Ya pili ni yetu: gari la mitumba lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii Mombasa. Impreza za umbo lile la kwanza ziliacha kutengenezwa mwaka 2000. Zilizopo Kenya ndizo hizo zilizopo, na kila wiki moja inagonga mwamba wa daraja mahali fulani. Bei itakosaje kupanda?

Ila aelewe kwamba anataka kununua wakati rika lake lote linanunua. Atalipa bei ya juu.

Kuna sababu nyingine ambayo wazee hawapendi kuisikia. MGB haina kipoza hewa, asubuhi inataka choki, na foleni ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni itaichemsha. Impreza unaingia, unawasha, unaenda kazini. Vijana wananiambia wanataka gari la zamani wanaloweza kulitumia Jumatatu, na mimi siwezi kuwalaumu kwa hilo.

Msiuze mwaka huu. Kwanza malizeni mambo ya mirathi, logibuku itoke kwenye jina la marehemu, kwa maana wanunuzi wabaya hupenda sana familia yenye karatasi zisizokamilika. Hakikisheni namba ya injini iliyo kwenye gari ndiyo iliyo kwenye logibuku. Yale mabati yaliyo chini ya milango, yapigeni taratibu kwa kifundo cha kidole: yakilia kama debe ni mazima, yakilia kama kadibodi kuna kutu ndani. Ulizeni fundi wa baba kama viti vya vali kwenye hedi vilibadilishwa, kwa sababu petroli yenye madini ya risasi, iliyokuwa ikivilinda viti hivyo, iliondolewa madukani mwanzoni mwa 2006 na injini za zamani ziliizoea. Msiipake rangi mpya ili kuwafurahisha wanunuzi. Gari la 1967 lina bampa za kromu, na hizo ndizo wapenzi wa MG wanazozitafuta kuliko zile za mpira mweusi zilizokuja baadaye. Na kama bado lina nambari yake ya zamani, K na herufi mbili bila herufi ya mwisho, mtu asiwashawishi kuibadilisha. Kuhusu spea msiogope, hata bodi nzima mpya ya MGB bado inatengenezwa Uingereza.

Halafu mpe mdogo wako ufunguo. Hakuwahi kuruhusiwa kushika hata kitambaa, ataipendaje? Jumapili moja, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya foleni, afungue paa, aiendeshe mpaka Limuru na wewe ukae pembeni yake. Arudi nayo mwenyewe. Akishuka na bado anataka Subaru, iuzeni kwa moyo mweupe kwa mtu anayelijua jina la gari hilo, na baba yenu hatakuwa ameaibika.

Mama, habari ya siku? Nina Impreza WRX ya 1998, ile ya turbo, niliinunua kwa mjomba. Haijaguswa, hata redio ni ileile. Fundi wangu Kariobangi anasema niweke turbo kubwa, nikate springi na nibadilishe egzosi, eti hivi ilivyo ni gari la mwalimu. Nimeanza kushawishika.
*Kijana wa Kasarani*

Habari ni njema, mwanangu. Mwambie huyo fundi asubiri.

Miaka kumi na tano iliyopita karibu kila WRX ilipitia mikono ya namna hiyo. Walikata springi, wakatoboa boneti, wakaongeza presha ya turbo bila kugusa kitu kingine, na wiki tatu baadaye kijana alikuwa kwenye kaunta yangu akiomba pistoni na beringi kwa mkopo. Ndiyo maana isiyoguswa imekuwa adimu kuliko iliyoguswa. Anayetafuta gari hili leo analitafuta lile aliloliona akiwa mtoto, pamoja na redio yake. Mjomba wako alikuachia kitu ambacho pesa ya fundi haiwezi kukirudisha kikishakatwa.

Kama damu inachemka na lazima ubadilishe kitu, badilisha kile kinachoweza kurudi. Rimu, kwa mfano. Zile za mwanzo zifunge kwenye gunia, andika jina, weka juu ya dari. Mkanda wa taimingi ubadilishe kabla ya kufikiria jambo lolote lingine, kwa sababu ukikatika vali zinagongana na pistoni na hapo hakuna cha kuhifadhi. Oili usichelewe nayo hata kwa wiki moja. Na weka risiti zote pamoja. Siku ukiuza, rundo la risiti litaongea kuliko wewe.

Dada, mimi ni mzee wa miaka 74. Nimepeleka Peugeot 404 yangu Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse mara nyingi. Safari hii vijana walinipita kama nguzo, wakajazana kwenye Nissan na Toyota. 404 ilishinda Safari 1966, 1967 na 1968! Hawafundishwi?
*Mzee wa South B*

Kaka yangu, nimeihisi barua yako. 404 ilikuwa gari la kwanza kumpeleka mama yangu hospitali, na mlio wa mlango wake ukifungwa naukumbuka mpaka sasa.

Lakini nikuulize kwa heshima: milango ilikuwa wazi au imefungwa? Nilipita pale nikaona magari ya wazee wenzetu yamezungushiwa kamba, na wenyewe wameketi mbali kwenye viti vya kukunja. Kule kwenye Toyota, boneti zilikuwa juu na watoto wameinama ndani mpaka kiunoni. Mwakani toa kamba. Fungua mlango wa dereva, mtafute mtoto wa miaka kumi, mkalishe, mwoneshe gia iliyo kwenye usukani, umwache aivute mwenyewe. Atauliza kwa nini iko hapo. Wewe una majibu ya miaka yote hiyo, na huenda mchana mzima usitoshe.