Sanduku la mchanga kwanza, basi la ziara baadaye

Mwalimu mmoja wa Njoro ameandika kuuliza afanye nini ili chuo kikuu kilicho jirani kimsaidie kufundisha historia ya hapa kwetu na akiolojia, yaani elimu ya mabaki ya kale yanayochimbwa ardhini. Amepeleka barua za kuomba mkataba na hajajibiwa.

Hatajibiwa leo wala kesho. Mkataba hupita idara, kitivo, ofisi ya sheria na kwa makamu mkuu wa chuo, na muhula huisha karatasi ikiwa bado njiani. Mwalimu, andika ukurasa mmoja kwa mkuu wa idara ya historia peke yake. Taja darasa, idadi ya wanafunzi, wiki unayotaka, na mwalimu atakayeshika kazi hiyo. Omba mwanafunzi wa mwaka wa tatu, usiombe profesa. Vijana wengi wa chuo hutafuta nafasi za mafunzo ya kazi kati ya Mei na Agosti, na huo ndio muhula wenu wa pili.

Halafu usiombe ziara. Ushirikiano mwingi huanza na kufa siku hiyohiyo: basi, bango, picha za pamoja, soda, kwaheri. Mtoto akifika Hyrax Hill, kile kilima cha mabaki ya kale karibu na Nakuru, bila maandalizi huona shimo lenye nyasi, basi. Omba chuo kiwasaidie kujenga sanduku la uchimbaji, lenye tabaka za udongo na vitu vilivyozikwa ili watoto wajifunze kuchimba, na kimfundishe mwalimu kulitumia ili libaki shuleni.

Sanduku ni la mbao, mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 40, na likae chini ya paa, maana mvua ikilinyeshea tabaka zote huwa uji. Mimina mchanga sentimita 10, juu yake udongo mwekundu 10, juu kabisa udongo mweusi uliochanganywa na majivu 10. Ni wilbaro 5 au 6 kwa jumla. Kila tabaka inyunyizie maji kidogo na uigandamize kwa ubao. Ukiruka hatua hii kuta zitaporomoka mtoto wa kwanza akigusa. Piga misumari ukingoni na uvute kamba kupata miraba 4 ya sentimita 50.

Cha kuzika: nunua chungu sokoni, kivunje, ugawe vigae vyake katika miraba miwili ya mchanga ili makundi yalazimike kukutana kuviunganisha. Ongeza mkaa na mifupa ya mbuzi iliyochemshwa ikakauka. Juu weka vizibo vya soda na kalamu iliyokufa, maana vya juu ni vya karibuni na vya chini ni vya kale. Usitumie vioo wala vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa la huku Bonde la Ufa; makali yake ni wembe.

Sasa mtego, na huu ndio somo lenyewe. Tabaka zote zikiwa tayari, toboa shimo la upana wa sentimita 15 kutoka juu hadi mchangani, tumbukiza sarafu ya shilingi kumi, ulijaze kwa ule udongo mweusi. Sarafu itaonekana pembeni mwa vigae. Nusu ya darasa itasema wahenga walitumia shilingi. Subiri. Kuna mmoja ataona doa jeusi la duara ndani ya mchanga mweupe na kuuliza limefikaje pale. Usimjibu; mwache agundue mwenyewe kwamba shimo lilichimbwa baadaye na sarafu ikaingia nalo.

Kila mraba uwe na watoto watatu: wawili wachimbe, mmoja aandike. Wanne wengine wachekeche kwa wavu wa chuma wa matundu ya milimita 5. Darasa la 48 ni zamu tatu. Mwiko wa mwashi ukwangue kwa ulalo, sentimita 5 kwa kila hatua. Wavulana hupenda kudunga, na ukidunga umeua tabaka. Lebo iandikwe kwa penseli kwa sababu wino hulowa ukafutika, na ziwe mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje. Kitu kisicho na lebo ni takataka, hata kiwe kizuri namna gani.

Baada ya hapo ndipo mwende Hyrax Hill. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba huko 1937 na 1938. Yale mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale wa huku, yaliwahi kudhaniwa kuwa nyumba za watu, hadi uchimbaji wa baadaye ulipoonyesha ni mazizi ya mifugo, nyumba zikiwa zimeegeshwa ubavuni. Samadi na taka zilitolewa kupitia mlango ulioelekea mteremkoni, na kichuguu chake bado kipo nje. Mtoto aliyeona doa la sarafu atakitafuta kichuguu hicho mwenyewe. Njoro nako kuna pango la mto lililochimbwa 1938, ambamo watu wa takriban miaka 3,000 iliyopita walichomwa na kuzikwa pamoja na mabakuli ya mawe.

Walio Kisumu na Siaya, sanduku ni lilelile, ila mwombeni mfinyanzi abonyeze kidole kitakoni mwa chungu kibichi kabla hajakichoma. Vyungu vya Urewe, ufinyanzi wa kale wa upande huo wa ziwa, hutambulika kwa kibonyeo hicho. Ziara yenu iwe Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe yasiyo na saruji, zilizoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2018.

Jambo la mwisho, na hapa sibembelezi mtu: msichimbe ardhini. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inataka kibali, na chuo kuwa nanyi si kibali. Mtoto akiokota kitu shambani, kibaki pale pale. Pigeni picha na rula kando yake, andikeni kilipo, mpige simu kwa makumbusho ya Hyrax Hill au ya Kisumu, kisha mfunike kwa majani ng'ombe wasije wakakikanyaga.